Siku Kijiji Kizima Kilipokaguliwa

Kijiji cha Tanbinzu,
Sikukuu ya Taa imepita, mpunga uliosalia umeanza kuinama.

Kwa dada yangu wa damu, Daw Ngwe Bwin, uliyenitangulia kuzaliwa na kunitangulia kwa kila kitu isipokuwa uzuri,

Nakuamkia kwa mikono miwili na paji la uso chini, kama mdogo anavyopaswa, ingawa siku hizi kiuno hakiruhusu paji la uso kufika mbali. Habari za Moulmein? Magoti yanasemaje? Na lile jino lililobaki, bado linashika zamu peke yake? Mwanao Maung Lun je, angali anahesabu magogo ya Waingereza, au ndovu wa kule wameshamfundisha uvivu? Mkewe akijifungua tuleteeni habari upesi. Ila mkipata wa kiume msimpe jina langu, limechoka.

Sisi huku hatujambo. Mke wangu anakusalimu. Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi, ambacho yeye anasema si kikohozi, ni sigara. Fahali wangu mwekundu yu hai na bado ana kinyongo na mimi. Pamoja na barua hii utapata kifurushi: ndani mna majani ya chai ya kuchachusha, yale ya milimani unayoyapenda, na kipande cha mti wa liwa cha kusaga upake usoni. Usiniulize ukarimu huu umetoka wapi. Soma kwanza.

Mwandiko utanisamehe. Wajua Sayadaw wa zamani, yule mkuu wa watawa, alinifundisha herufi kwa fimbo, nami nikatoroka nyumba ya watawa kabla hatujafika kwenye vituo. Ndiyo maana nikishaanza sijui pa kusimama.

Basi, habari kubwa ya hapa ni shule. Sisemi ile ya watawa; ile ipo palepale, watoto wa kiume wanakwenda na bakuli asubuhi na wanarudi na makovu jioni, kama sisi tulivyorudi. Nasema ile ya Ma Thet Hnin, mjane wa fundi mitumbwi, anayefundisha chini ya nyumba yake mwenyewe, kati ya nguzo, kuku wakipita. Anafundisha watoto wa kike, ambao watawa hawawapokei, na wa kiume ambao bado wanalilia mama zao. Wazazi humlipa mchele, maboga, samaki akipatikana. Lakini mwaka huu mto ulipanda ukala mpunga, na mtu asiye na mchele hana cha kumpa mwalimu ila salamu. Ma Thet Hnin akakonda mpaka bangili za mikononi zikawa zinamfika kiwikoni. Shemeji yake wa Henzada akamletea ujumbe kwamba aje kwenye kinu chao cha mpunga, kuna kazi ya kushona magunia. Akaanza kufunga vyombo. Na dada, akiondoka yule, wasichana wa Tanbinzu wanarudi kuchunga bata. Yumo mjukuu wangu Mi Shwe Ok, yule mwenye ulimi kama wako, ambaye amekwisha kusoma kila kilichoandikwa kijijini na sasa anasoma karatasi za kufungia tambuu.

Hapo ndipo jumbe wa kijiji akatuita akatusomea tangazo la Serikali. Serikali ya Malkia, alisema, imeamua kuzitazama shule za vijijini zinazofundisha kwa lugha yetu wenyewe. Atakuja mkaguzi, akiridhika, mwalimu atapata mshahara wa kila mwezi, na penye wasichana anaongezwa kitu. Asiporidhika, hapana kitu. Watu wakafurahi kisha wakaogopa. Sayadaw wetu alipoulizwa kama na shule yake itakaguliwa, alijibu kwamba yeye hashiki fedha, kwa hiyo Serikali haina pa kumshikia. Lakini mkaguzi akaribie tu, maana kila anayepanda ngazi zile huwa amekuja kukaguliwa yeye. Akarudi kulala.

Ma Thet Hnin hakuwa na raha ya kulala. Alikuwa amesikia habari za kijiji cha ng'ambo ya mto. Mkaguzi huyohuyo alifika kule, akasimama kidogo, akaandika kwamba ameonyeshwa soko badala ya shule. Kosa lao lilikuwa nini? Watoto walikuwa wakisoma kama watoto wote wa nchi hii wanavyosoma: wote pamoja, kwa sauti ya juu kabisa, mishipa ya shingo nje. "Ka kubwa! Kha ya kujipinda! Ga ndogo! Ga kubwa!" Wewe na mimi twajua kuwa mtoto asiyepiga kelele hasomi. Mwalimu hujinyoosha mkekani kwa raha zake, na kelele zikipungua ndipo anapofumbua jicho na kunyoosha mkono kutafuta fimbo. Mama yuko jikoni, anasikia shule inanguruma, anajua mchele aliotoa haukupotea. Lakini Bwana Mkaguzi amesomea Rangoon kwa Waingereza, na kwa Waingereza, wanasema, mtoto husoma kimyakimya kama samaki.

Basi Ma Thet Hnin akaamua kuwafundisha watoto kusoma kimya.

Dada, laiti ungekuwepo siku ya kwanza! Asubuhi kelele zilianza kama kawaida, halafu zikakatika ghafla, kama mtu kaziba mdomo wa kijiji. Kinu kikasimama. Mbwa wakainuka. Wanawake wakatoka majikoni na miko mkononi wakiulizana nani kafa. Daw Pwa Yon, yule muuza mchele, rafiki yako mpenzi ambaye hamjapikiana chai tangu mkiwa wasichana, alikimbia na nazi akaitundike kwa mzimu wa nyumba ya mwalimu, akidhani watoto wamerogwa. Walipoambiwa kuwa huko ndiko kusoma, moto ukawaka. Mmoja alimwambia mwalimu, "Nimekuletea mtoto mwenye mdomo, wewe wanirudishia bubu?" Mwingine akasema kama ni kukaa kimya tu, hata jongoo wa uani kwake amehitimu. Daw Pwa akasema mchele wake yeye haulipii usingizi.

Na kweli siku ile nusu ya watoto walilala. Lakini mwalimu aligundua jambo lililomkausha mate. Alipowaita mmojammoja kusoma bila kubebwa na sauti za wenzao, wengi hawakuijua hata herufi moja kwa macho. Walikuwa wakiimba tu! Mtoto wa jumbe alishika kibao, akasoma vizuri sana, kwa sauti tamu, na kibao kilikuwa hakijaandikwa kitu. Ma Thet Hnin akalia. Kisha akafuta machozi kwa ncha ya kitambaa, akafungua vyombo alivyofunga, akaanza upya toka ka kubwa. Wazazi wakinuna, naye akifundisha. Jioni alikuwa akipita na kibao nyumba kwa nyumba kuwasomesha waliochelewa, na wengine walimfungulia mlango kwa uso wa kufukuzia mbwa.

Siku ya ukaguzi ikafika. Bwana Mkaguzi alikuja kwa mkokoteni, kijana mwembamba, jina lake Ko Ba Tint, kikoi cha hariri, na kiti chake mwenyewe cha kukunja. Alikiweka kati ya nguzo, miguu ya kiti ikazama kwenye udongo, akawa anakagua huku akielekea upande mmoja kama mtumbwi unaovuja. Watoto walikuwa wameoga, wamepakwa liwa, wameketi safu. Mwalimu akaashiria. Wakainamia vibao vyao. Kimya. Mkaguzi akatikisa kichwa, unajua ule mtikiso wa mtu aliyependezwa na hataki ionekane. Akachovya kalamu.

Sasa wewe jiweke mahali pa watu wazima wa Tanbinzu. Tumeambiwa tusisogee. Tumejibanza nyuma ya nyua. Leo ndiyo leo, leo ndiyo ya mshahara wa mwalimu, na shule haitoi hata mlio wa panya! Sisi moyoni twaona kabisa kwamba watoto wamekufa ganzi kwa hofu, na yule anaandika kuwa hawajui kitu. Mtu mmoja asiye na adabu, jina nitalitaja baadaye, uvumilivu ukamwishia. Akainua shingo nyuma ya ua akaachia: "KA KUBWA!"

Dada, hata mwangwi haujarudi, jiko la jirani likaitikia: "Kha ya kujipinda!" La tatu likadaka: "Ga ndogo!" Mara kijiji chote kikalipuka. Wanaotwanga walitwanga kwa mpigo wa herufi. Bibi Mi Kyin, ambaye hasikii, alisikia. Walimaliza herufi wakaingia kwenye hesabu za kuzidisha, wakamaliza hesabu wakaingia kwenye aya za mwenendo mwema, na Daw Pwa ndiye aliyekuwa mbele, kafumba macho, anaswaga kijiji kama ng'ombe. Wanawake ambao hawajawahi kukanyaga shule! Miaka yote wamekaa jikoni wakisikiliza, na shule yote imewaingia kwa njia ya moshi.

Mkaguzi alisimama, kiti kikabaki ardhini. Akauliza ni nani hao. Ma Thet Hnin, mweupe kama wali, akasema ni majirani. Akauliza nao ni wanafunzi? Akasema hapana, bwana, wanapika. Mkaguzi akatoka mpaka kwenye ua wa karibu, akamkuta Daw Pwa, akamwonyesha kibao akamwomba kwa adabu, "Mama, hebu nionyeshe hiyo ka kubwa uliyokuwa ukiitaja." Daw Pwa akakikagua kile kibao, akaweka kidole kwenye doa la tambuu. "Hii hapa, mwanangu. Tena ni kubwa kweli." Mkaguzi akarudi kwenye nguzo. Akamwambia mwalimu kuwa hapa inaonekana hata nguzo za nyumba zinajua somo, na kwa hiyo yeye hawezi kujua mtoto anajua nini na hewa inajua nini. Akaanza kukunja karatasi zake. Nilimwona Ma Thet Hnin anatazama chini, na mimi nikayaona magunia ya Henzada machoni pake.

Hakusihi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba basi awape watoto jambo ambalo hewa hailijui. Mkaguzi akafikiri. Akachukua kibao, akawapa watu mgongo, akaandika maneno yake mwenyewe, halafu akakiweka mbele ya mjukuu wangu Mi Shwe Ok na kumwambia asome kimya, asitamke. Mtoto akasoma. Akainuka, akafunga kikoi vizuri, akaondoka zake! Hakuaga mtu. Mkaguzi akatazama, mwalimu akatazama, mimi nyuma ya ua nikatamani ardhi inimeze pamoja na ukoo wangu. Baadaye kidogo mtoto akarudi na sinia: wali wa moto, ngapi, ile rojo yetu ya samaki wa kuvundikwa, ya kukaanga yenye pilipili, inayonuka mpaka mbinguni, na kipande cha samaki. Akapiga magoti, akaiweka mbele ya Bwana Mkaguzi kwa mikono miwili.

Kibaoni yule kijana alikuwa ameandika: "Nimetoka alfajiri na hakuna aliyenikaribisha kula."

Alicheka, dada, mpaka miwani ikamwanguka kwenye ngapi. Alikula chote. Akawapa na wengine maneno, kila mmoja ya kwake: mmoja akaambiwa amfukuze kuku, akamfukuza, mmoja akaambiwa aende kumshika sikio mtu aliyeanza zile kelele, naye, sijui kaambiwa na nani, akanijia moja kwa moja nyuma ya ua. Naam, ni mimi. Ulishajua. Mwanamke uliyenilea utakosaje kuijua sauti yangu hata katika karatasi?

Nililetwa kwa sikio mbele ya Serikali. Ko Ba Tint alinitazama akaniuliza kama nina akili. Nikamwambia nilikuwa nazo, nikaziacha kwa watawa. Kisha akasema kwa uzito, na hapo kicheko kilikwisha. Watoto wanasoma, alisema, na mwalimu huyu ni mwalimu. Yeye atamwandikia mshahara kwa moyo mmoja, kwa sharti moja. Shule haiwezi kubaki hapa kati ya majiko, ambako mzee yeyote mwenye mapafu anaweza kuufanya mtihani kwa niaba ya kijiji. Lazima iwe na nyumba yake, yenye kuta, mbali na vinu, tena ya shule yenyewe na si ya kuazima. Serikali inalipa mwalimu, nyumba hailipi. Kama ipo aonyeshwe sasa, maana karatasi anaifunga leo. Kama haipo, imekwisha.

Watu wote wakanigeukia. Dada, nimewahi kuchekwa na kijiji hiki, nimewahi kufukuzwa, hata kupigwa kwa kandambili. Lakini kutazamwa vile bado nilikuwa sijatazamwa. Ma Thet Hnin peke yake hakunitazama. Alikuwa anamfunga Mi Shwe Ok nywele zilizofumuka, polepole, kama mtu anayeaga.

Sasa sogeza taa karibu, na kama umesimama keti.

Nilisema nyumba ipo. Nikampeleka mwisho wa kijiji, penye mkwaju, nikamwonyesha nyumba ya mama.

Najua. Ni yako peke yako. Mama alikuachia wewe kwa sababu alinijua mimi. Najua ulisema utarudi kuzeekea pale. Dada, umeshazeeka huko huko. Mkaguzi aliipenda: kuta za mianzi nzima, paa zuri, majiko mbali. Akauliza ni ya nani. Nikasema ni ya dada yangu. Akauliza dada amekubali? Nikasema amekubali kwa furaha, tena machozi yalimtoka. Hayo machozi nakuomba uyatoe ukipata nafasi, ili nisiwe nimeidanganya Serikali.

Nitakuambia na jambo moja la kweli, kisha nirudi kwenye upuuzi wangu. Nilipokuwa nafungua mlango nilimkumbuka mama alivyokuwa akipepeta mchele pale kizingitini, na midomo yake ikienda pamoja na kelele zetu kule kwa watawa. Aliijua ka kubwa mpaka mwisho, na mpaka siku anakufa hakuwahi kuiona. Nilipokuwa naitazama ile nyumba sikuona kama naitoa. Niliona kama nachelewa.

Unafikiri umepoteza nyumba. Sikiliza ulichopata. Umesahau kwamba mtu akitoa nyumba ya kusomea haitwi tena kwa jina tupu? Kuanzia siku ile jumbe anakutaja kama Kyaung-ama, bibi mwenye kutoa shule. Watoto wanakutaja kila asubuhi kabla ya kuanza, kimya, kwa midomo tu, lakini wanakutaja. Sayadaw mwenyewe alikuja kubariki kizingiti, akasema thawabu yako imevuka ya watu wengi waliojenga kwa matofali. Kyaung-ama Daw Ngwe Bwin! Wewe uliyekuwa ukiiba makwaju!

Kama hutaki, sawa. Ni haki yako. Andika tu kwamba hutaki, nami nitakwenda kumwambia mkaguzi kuwa mimi ni mwongo, jambo ambalo ataliamini upesi. Usiwe na wasiwasi na shule. Daw Pwa Yon hajalala tangu siku ile. Kila anayepita anaambiwa kuwa ghala lake la zamani, akilifagia, ni pana kuliko kibanda cha mama yetu, na kwamba ukisitasita hata siku moja yeye yuko tayari kulitoa. Amekwisha kujishonea kitambaa kipya cha begani cha siku ya kuitwa Kyaung-ama. Nimekiona. Ni kizuri sana. Kinamkaa.

Mkaguzi anataka dole gumba lako kwenye karatasi niliyoiambatisha, aipate kabla ya sikukuu ya maji. Ma Thet Hnin anakusalimu, amenenepa kidogo. Mi Shwe Ok anasema ukija atakusomea chochote utakachoandika, ila usiandike una njaa mpaka mvuvi wetu apite. Msalimie Maung Lun na mkewe, na ndovu wote. Afya yako iwe kama mwanzi: ipinde, isivunjike. Na ukinikasirikia, nikasirikie kwa sauti ya juu, ndiyo nitajua umeisoma vizuri.

Mimi ni mdogo wako, unayempenda kwa kukosa mwingine,
U Tha Dun

Nimesahau kukuambia. Juu ya bahasha nimeandika, kwa herufi kubwa kuliko nilizowahi kuandika maishani: KWA KYAUNG-AMA DAW NGWE BWIN. Imepita mkononi mwa karani wa posta, wa melini na mleta barua wa mtaa wenu. Kwa hiyo kama asubuhi hii majirani wako wa Moulmein wameanza kukuinamia, usishangae. Waitikie tu.